Mjomba, niuze kiwanja cha Pongwe nikasome masta?

BARUA

Shikamoo mjomba,

Mimi ni msomaji wako wa hapa hapa Tanga, nakaa Majani Mapana na mume wangu na mtoto wetu wa miaka miwili. Nina digrii ya uhandisi ujenzi, nilitoka na GPA ya 3.6, na sasa naingia mwaka wa tatu niko saiti kwa kontrakta mmoja wa hapa mjini, jina simtaji maana Tanga yenyewe unaijua, ukikohoa Ngamiani wanakupa pole Chumbageni. Tunajenga jengo la taasisi fulani, ghorofa mbili, slabu ya kwanza tumeshamwaga.

Kwenye karatasi mimi ni injinia wa saiti ila ukweli ni kwamba kila kitu kinaniangukia. Asubuhi nahesabu vibarua, napokea kokoto na mchanga, nabishana na dereva wa tipa kwamba tripu haijajaa na yeye anabisha huku anaona kabisa mwenyewe, halafu zege likianza nasimamia slampu (kipimo cha ulaini wa zege) na kujaza kyubu, vile vipande vya zege vya kupima nguvu, najaza kitabu cha saiti, mchana nakaa na foromani tunapanga kesho nondo zinasukwa wapi na fomu, zile mbao za kushikilia zege, zinafunguliwa wapi maana mbao hazitoshi kufunga kote kwa wakati mmoja, jioni bosi anapiga simu anataka picha na hesabu ya simenti iliyobaki. Mwisho wa mwezi naandaa madai ya malipo, ile IPC, bosi anaipeleka kwa konsaltanti. Mshahara unakuja ukija. Mwezi juzi tulipewa nusu tukaambiwa mteja hajalipa.

Sasa mjomba nimechoka, na sio mwili. Wenzangu niliomaliza nao, mmoja yuko China mwingine Uingereza, wanasoma masta, kila nikifungua status naona barafu na maktaba na mimi hapa nina vumbi la simenti mpaka kwenye kope. Nikaanza kutafuta na mimi. Tatizo la kwanza sijui nisome ipi. Chuoni nilikuwa napenda strakcha, yaani usanifu wa uimara wa majengo na madaraja, mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa kusanifu daraja. Ila nikiuliza watu wananiambia dili siku hizi ni usimamizi wa ujenzi, ile wanaita CM, kwamba ukisoma strakcha utakaa kwenye kompyuta unahesabu mihimili ya nyumba za watu kwa hela ya vocha. Mwingine akaniambia CM ni kozi ya walioshindwa hesabu.

La pili kuna ajenti yuko Dar, nilimpata mtandaoni. Ana chuo Uingereza, CM, mwaka mmoja tu, barua ya ofa anasema ndani ya wiki mbili, na kwamba nitaenda na mume wangu na mtoto, mume atapewa ruhusa ya kufanya kazi kwa hiyo ada itajirudisha yenyewe. Anataka malipo ya kwanza kabla mwezi huu haujaisha ili "kushika nafasi". Mume wangu (yuko bandarini) amefurahi kuliko mimi, anasema tuuze kiwanja chetu cha Pongwe. Mama yangu ndo hataki hata kusikia, anasema mtu una mume, una mtoto, una kazi, unatafuta nini tena, na kiwanja kikienda hakirudi.

La tatu ni ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Nimesajiliwa kama Mhandisi Mhitimu, ila logibuku, kile kitabu cha kumbukumbu za mafunzo ya kazini, nimejaza mwaka wa kwanza na kidogo, mingine imelala. Bosi wangu ni mfanyabiashara, sio mhandisi, na mhandisi wa kampuni namuona siku za ukaguzi tu. Nikawa najiambia nikishapata masta hiyo logibuku haitakuwa na maana tena.

Na mwisho, nimwambie bosi kwamba natafuta chuo au nikae kimya?

Naomba usinizungushe mjomba, niambie tu.

Mpwa wako, Majani Mapana


JIBU

Marahaba mpwa wangu.

Nianze na huyo ajenti kwa sababu kwenye barua yako nzima yeye ndo mwenye haraka peke yake, hao wengine wote wanaweza kusubiri. Usimpe hata shilingi. Uingereza walibadilisha sheria ya viza, kuanzia Januari 2024 mwanafunzi anayekwenda kusoma masta ya darasani hawezi kwenda na mume wala mtoto, wanaoruhusiwa ni wale wa masomo ya utafiti kama PhD na wale wanaolipiwa na serikali. Masta ya CM ya mwaka mmoja ni ya darasani. Kwa hiyo hiyo picha ya mume kazini na ada inajirudisha haipo. Ajenti ambaye hajui sheria hiyo hana cha kukusaidia, na kama anaijua akakuficha basi ujue mwenyewe unashughulika na nani.

Halafu hiyo ofa anayotaka kukuuzia, vyuo vingi vya Uingereza unaomba mwenyewe kwenye tovuti yao, unaweka cheti, matokeo, barua za wadhamini na maelezo yako, na kwa GPA ya 3.6 ambayo kwetu ni daraja la pili la juu hutakosa chuo cha kukupa ofa. Ofa sio kazi. Kazi ni hela. Ada ya mwanafunzi wa nje kwa kozi kama hiyo mara nyingi inapita pauni 20,000, hapo weka hela ya kuishi ya miezi 9 ambayo lazima uionyeshe ikiwa imelala benki siku 28 mfululizo, weka na mchango wa matibabu pauni 776 kwa mwaka, na ukishafika unaruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki muhula ukiwa unaendelea. Sijui kiwanja chenu kina ukubwa gani lakini Pongwe ninayoijua mimi hakitafika hata nusu ya safari, na mtabaki hamna kiwanja na hamna masta. Kwa hilo mama yako yuko sahihi kabisa. Kwa lile lingine, la mwanamke aliyeolewa anatafuta nini tena, hapana, na nitarudi kwake.

(Hiyo 28 sijui kwa nini inatufuata watu wa ujenzi. Kyubu tunazivunja siku ya 7 na siku ya 28, viza wanataka hela ilale siku 28, na kuna 28 nyingine nakuja nayo hapo chini ambayo ndo kubwa kuliko zote.)

Sasa usome ipi. Nimesoma barua yako mara mbili nikaona kitu ambacho labda mwenyewe hujakiona. Strakcha umeiandikia mstari mmoja, na ni wa kumbukumbu za chuo. Kokoto, tipa, foromani, mbao za fomu zisizotosha, IPC, hivyo umeviandika mpaka mimi niliyekaa barazani nimesikia harufu ya zege. Umelalamika, ndio, lakini mtu anayechukia kazi haelezi kwa ufasaha hivyo kwa nini fomu za huku zifunguliwe kabla za kule hazijafungwa. Hiyo ndo CM yenyewe mpwa wangu, unaifanya kila siku, hujapewa jina wala mshahara wake.

Lakini usiichukue kwa sababu umeambiwa ni dili. Strakcha haijafa. Ni masta ngumu, utakokotoa majengo na madaraja kwa undani ambao digrii ya kwanza inaugusa tu, zege la nyaya zilizovutwa, mitikisiko, uchovu wa chuma, na kuna kazi kubwa inawasubiri watu hao hapa nchini kwa sababu ofisi nyingi bado zinasanifu kwa BS 8110, kanuni ambayo Waingereza wenyewe waliiondoa mwaka 2010 wakahamia Eurocode, kanuni za Ulaya. Na kwa sisi wa pwani kuna mambo ya chumvi, tembea Raskazone uangalie balkoni za nyumba za zamani zilizo karibu na bahari, zege limebanduka nondo ziko nje zimeota kutu, hapo mtu wa strakcha na wa vifaa ana utafiti wa maisha. Ila lazima upende kukaa na jengo moja kwenye karatasi kwa miezi, peke yako, kimya. Kama moyo wako bado uko kwenye lile daraja la chuoni nenda huko, usimsikilize mtu wa vocha.

Na huyo aliyesema CM ni ya walioshindwa hesabu, mwambie aje saiti. Hesabu za kule ni za aina nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya DuPont ya Marekani ilikuwa inasumbuka na viwanda vyake, kujenga na kufanya ukarabati kunachukua muda mrefu na kila idara inasema kazi yake ndo ya haraka, wakatengeneza njia ya kuchora kazi zote kwenye mtandao mmoja, ipi inasubiri ipi, wakatafuta mlolongo ule mrefu ambao ukichelewa siku moja mradi wote unachelewa siku moja. Zile nyingine zina muda wa akiba. Kwako hapo slabu ya pili haiwezi kumwagwa nondo hazijasukwa, hizo hazina akiba hata ya siku, lakini fremu za milango zikichelewa kidogo jengo linaweza kuisha tarehe ile ile. Foromani wako anajua hili kichwani. Masta inakufundisha kulichora, kulipigia hela, na kumthibitishia mtu anayebisha. Ona hata kazi ya bandari yetu, muulize mumeo, ilibidi kwanza wachimbe kina kutoka mita 3 kwenda 13 halafu ndo gati la mita 450, na zamani meli ilikuwa inatia nanga mbali huko mzigo unaletwa na matishari, huwezi kuanza popote tu unapotaka. Au hilo bomba la mafuta linalotoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani, kilomita 1,443, mafuta yenyewe mazito yana nta mpaka bomba lipashwe moto njia nzima, ukiacha mafundi wa kuchomelea kuna jeshi zima la watu ambao kazi yao ni ratiba, nyaraka, ubora na usalama. Wengi wao ni wahandisi ujenzi kama wewe ambao wanajua Primavera P6, programu ya kupanga ratiba za miradi. Hiyo programu unaweza kuanza kujifunza leo usiku mtoto akilala, haisubiri masta.

Ila nusu ya CM, na mimi nasema ni nusu nzuri, ni mikataba. Hapa ndo ile 28 yangu.

Kulikuwa na kontrakta alikuwa na barabara ya changarawe, mkoa wetu huu huu, jina la nini. Michoro ya makalavati ikachelewa kutoka kwa konsaltanti, mvua za masika zikakuta udongo uko wazi, greda limesimama, vibarua wanalipwa kukaa chini ya mwembe. Foromani alikuwa na daftari la mistari, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, kila siku ameandika, tarehe, mvua imeanza saa ngapi, greda limesimama, michoro bado. Kila siku. Mwandiko mbaya lakini kila siku. Mradi ukachelewa sana, wakati wa kukatwa fidia ya ucheleweshaji ulipofika kontrakta akakusanya vielelezo akaomba nyongeza ya muda na gharama. Konsaltanti hakubishana hata na mvua wala na michoro, aliuliza kitu kimoja tu, taarifa ya dai iko wapi. Mkataba ulikuwa wa mtindo wa FIDIC, ile mikataba ya mfano ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la 1999, kifungu cha 20.1, kwamba kontrakta akijua kuna jambo linampa haki ya muda au hela anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 28, akizipitisha haki imekwisha, hata awe na ukweli wa mbinguni. Barua ya kwanza ya yule bwana ilikuwa na tarehe ya miezi mitano baadaye. Daftari lilikuwepo kwenye kontena siku zote hizo, meza moja na mhuri wa kampuni na karatasi za barua. Hakuna mtu pale saiti aliyejua kwamba ukurasa mmoja wa lile daftari ukigeuzwa barua ya mistari sita unaokoa mamilioni.

Mtu anayejua kuugeuza ndo wanamtafuta. Huyo unaweza kuwa wewe kabla hata hujapanda basi kwenda chuo, kwa sababu mkataba wa hilo jengo lenu upo, muombe bosi nakala uusome usiku wote pamoja na masharti maalumu, mikataba ya serikali ina fomu zake na muda wake kwa hiyo usibebe 28 kichwani, soma wa kwenu unasemaje. Angalia na malipo. FIDIC hiyo ya 1999 inampa mteja siku 56 kulipa tangu mhandisi wa mkataba (kwenu ndo konsaltanti) apokee madai, na akichelewa kontrakta ana haki ya riba, na ana haki ya kupunguza kasi au kusimamisha kazi kwa taarifa ya siku 21. Wangapi hapa Tanga wameshawahi kudai hiyo riba? Wanaogopa kunyimwa kazi nyingine, naelewa, lakini wengi hawajui hata kama kipengele kipo, na wewe unalipwa nusu mshahara kwa sababu hiyo.

Na hapo hapo una utafiti wa masta. Fungua jedwali kwenye simu, IPC imetoka tarehe ngapi, konsaltanti kasaini lini, mteja kalipa lini, vibarua wamelipwa lini. Ukipata na za makontrakta wenzenu wawili watatu (watakupa ukiahidi hutaji majina) utakwenda chuo na data mkononi wakati wenzako wanahangaika na dodoso ambazo hakuna anayejaza.

Haya, ERB. Hapa ndo nitakuwa mkali kidogo unisamehe. Masta haiui logibuku. Muhuri wa Mhandisi Mtaalamu hautoki chuo chochote, uwe Mlimani uwe London, unatoka Bodi, na Bodi inataka mafunzo ya vitendo ya miaka 3 yaliyosimamiwa, ndo maana mwaka 2003 wakaanzisha mpango wa SEAP wa kuwashika vijana wanaotoka vyuoni. Masta ya CM haikugeuzi kuwa QS, mkadiriaji majenzi, pia, hao wana bodi yao ya AQRB. Bila muhuri utarudi na masta yako utakaa kwenye zabuni kama jina la kujazia, mwenye muhuri na diploma ya juu ya kiburi anakusainia kazi uliyoifanya wewe. Ukifufua ile logibuku iliyolala umebakiza kama mwaka mmoja wa ile miaka mitatu, ukiiacha hivi sasa ukaenda nje mwaka na nusu, ukirudi mhandisi aliyekuona saiti hayupo, jengo limekabidhiwa, nani atakusainia?

Kwa hiyo wiki hii ifufue. Usipike tarehe, watu wa Bodi wakikuhoji wanajua mara moja ipi imeandikwa kwa siku moja na kalamu moja. Kitabu chako cha saiti kipo na unajaza mwenyewe, toa humo. Halafu mtafute huyo mhandisi wa kampuni, mwambie naomba unisimamie rasmi, akikupiga chenga nenda TANROADS mkoa, TARURA, Tanga UWASA, hata kwa huyo konsaltanti wa jengo lenu, wapo wahandisi wasajiliwa wenye roho nzuri wanaokubali kulea vijana, na Bodi wenyewe waulize utaratibu wa kubadili msimamizi. Mtu mmoja ukimpata anatosha.

Ukishaweka hilo sawa ndo tuongelee chuo, na sio lazima kiwe cha barafu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale CoET, ndaki yao ya uhandisi, wana masta za uhandisi, Ardhi wana masta ya uchumi na usimamizi wa ujenzi, na sifa ya kuingia masta kwetu inaanzia GPA 2.7 kwa hiyo wewe uko juu sana. Watu wa Tanga huwa tunasahau kwamba Kenya iko hapo Horohoro tu, JKUAT wana masta ya usimamizi wa miradi ya ujenzi. Ukitaka kubaki na mtoto na kazi, Heriot-Watt ya Scotland wanafundisha usimamizi wa miradi ya ujenzi kwa masafa, unasoma ukiwa Majani Mapana, ada unalipa kwa somo badala ya kuuza ardhi kwa mpigo. Ila chuo chochote cha nje, hasa cha masafa, kabla hujalipa waulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kama tuzo yake wanaitambua, maana vyuo vya mfukoni ni vingi na tovuti zao ndo zina picha nzuri kuliko vyote.

Na kama roho yako ni Uingereza tu, iko njia ya Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza. Kuomba ni bure kabisa, hakuna ajenti, wanataka digrii nzuri unayo, saa 2,800 za kazi ambazo ni kama miaka miwili unazo, unachagua kozi tatu, unaandika insha zao na unakuwa na wadhamini wawili, na ukimaliza unarudi nyumbani miaka miwili. Dirisha hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba. Wanalipa ada, nauli na hela ya kuishi yako wewe, ya mume na mtoto hawalipi, hilo mkae mlizungumze mapema na sio siku ya ndege. Insha zao zinauliza uongozi, ukawaandikie huyo dereva wa tipa na fomu za mbao, wasomaji wa insha wamechoka na watu wote kutaka kubadilisha Afrika.

Mumeo mwambie ukweli wa viza kama nilivyouandika, mpe asome mwenyewe, asione wewe ndo umemzibia. Mama usibishane naye. Nenda na mtoto siku ya jumapili, mwambie kiwanja hakiuzwi, utaona atakavyolainika, halafu hapo hapo mwombe kama ukipata chuo cha Dar atakaa na mjukuu siku za wiki. Wamama wa Tanga wakishapewa mjukuu wanasahau walichokuwa wanakataa.

Bosi usimwambie sasa hivi. Bado unahitaji saini kwenye logibuku, unahitaji ule mkataba uusome, na mtu wa biashara akisikia unaondoka anaanza kutafuta wa kukuziba na kukuficha makaratasi. Mwambie ukiwa na barua ya chuo mkononi, kwa adabu, na mpe mwezi wa makabidhiano. Ila ile nusu ya mshahara wa mwezi juzi mdai, na udai kwa maandishi, weka tarehe, baki na nakala yenye saini ya kupokelewa.